Boti ilikwenda safi hadi kisiwa cha Mbudya, kurudi ikaingia maji tezi (nyuma) tulipopunguza moto wa injini. Kosa la chombo au la nahodha?

#1 Mpenda Maji
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana kuna hela inataka kutoka mfukoni.

Jamaa yangu ana boti ya faiba ya matembezi, futi 21, injini moja ya kupachika ya HP 90. Anataka tumiliki pamoja, nitoe nusu ya bei. Kabla sijajibu akatualika tuijaribu. Tulitoka Msasani, Dar, saa tatu asubuhi, watu wazima 7 na watoto 2, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kwenda ilikuwa raha tupu, sakafu kavu. Mbudya tukaogelea, tukala samaki wa kuchoma.

Saa kumi na moja tunarudi. Upepo wa kaskazi umechangamka, mawimbi yanatufuata kwa nyuma, boti inakimbia vizuri. Tulipokaribia zinapofungwa boti, ngalawa ikakatiza mbele. Nahodha (ndiye mwenye boti) akakata moto ghafla. Tezi ikazama kidogo, halafu maji yakapanda juu ya ubao wa injini yakaingia ndani. Waliokaa nyuma yaliwafika vifundoni, injini ikawa inakohoa. Akasukuma moto tena, omo (mbele) likapanda, maji mengi yakatokea kwenye matundu ya nyuma. Tukafika salama.

Mwenye boti anasema ni wimbi tu, hutokea. Mimi silali. Ni wimbi, ni boti, au ni yeye?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa kitako nasubiri wajuzi. Swali moja: kizibo cha chini kilikuwa mahali pake?

#3 Tezi na Omo
Ngoja Waje ameuliza kilichokuwa ulimini mwangu. Boti nyingi za faiba zina tundu la kutolea maji chini kabisa ya tezi, lenye kizibo cha kuskrubu au cha raba. Chombo kikiwa kwenye trela kizibo hutolewa ili maji yatoke, na wakati wa kushusha mtu anasahau kukirudisha, au anarudisha chenye raba iliyokwisha.

Kinachowapoteza watu ni kwamba boti ikiwa kasi, imepanda juu ya maji, lile tundu halinywi. Maji yanayopita kasi nyuma yake yananyonya ya ndani kwenda nje. Unafika Mbudya sakafu kavu, unajisifu. Ukitia nanga ndipo yanaanza kuingia, tena chini ya sakafu usipopaona. Jioni unaondoka na tezi nzito bila kujua, unapunguza moto, maji yote ya chini yanahama. Hapo wimbi dogo tu linatosha.

#4 Mpenda Maji
Asante mkuu. Ila tulitia nanga zaidi ya saa sita. Kama kizibo hakikuwepo si tungeikuta imejaa?

#5 Tezi na Omo
Kisipokuwepo kabisa, ndiyo, mngeona. Kikiwepo chenye raba iliyopasuka, yanaingia kidogokidogo, na pampu ya kufulia maji inaweza kuwa inayatoa bila nyie kujua. Mwulize jamaa kama pampu yake inajiwasha yenyewe. Mwambie anyanyue kile kielea chake kwa kidole na asikilize kama inanguruma.

#6 Kaskazi Mwanana
Mnakwenda mbali. Hii ni wimbi lake mwenyewe.

Boti inayokimbia huburuta wimbi kubwa nyuma yake. Ukikata moto ghafla, boti inaanguka kutoka juu ya maji na kupunguza mwendo kwa sekunde chache, lakini lile wimbi halina breki, linakuja na mwendo wake linaipanda tezi. Ongeza wimbi la kaskazi lililokuwa likiwafuata: mawili yamekutana kwenye ubao wa injini, ambao ndio mahali pafupi kuliko pote kwenye chombo. Dawa yake ni kupunguza moto kwa awamu. Rudisha kidogo, acha boti ikae, acha wimbi lipite chini, ndipo urudishe tena. Mawimbi yakiwa nyuma ndiyo usiguse kabisa moto kwa papara.

Mpenda Maji, watu walikaa wapi wakati wa kurudi?

#7 Mpenda Maji
Wengi nyuma. Mbele kulikuwa kunarukaruka, akina mama wakahamia nyuma na watoto. Na boksi la barafu pia lilikuwa nyuma. Mbele alikuwa mtu mmoja.

#8 Kaskazi Mwanana
Basi jibu unalo. Watu sita nyuma, boksi, injini, tangi la mafuta. Tezi ilikuwa imeshakaa chini kabla hata ya kukata moto.

#9 Fundi Faiba
Nimetengeneza hizi boti miaka mingi, naomba nitie neno. Kizibo sawa, wimbi sawa, lakini mnasahau kuuliza hiyo boti ina umri gani na injini hiyo ilikuja nayo?

Boti za zamani zilichorwa kwa injini za kuchanganya oili na petroli, nyepesi. Siku hizi mtu anabandua ile anaweka mpya isiyochanganywa, nguvu ileile, lakini uzito umepanda kwa makumi ya kilo, na wote unaning'inia nyuma kabisa. Matundu ya kutoa maji ya sakafuni yaliyokuwa juu ya maji sasa yanakaa sawa nayo au chini yake.

La pili ni sifongo. Chini ya sakafu kuna sifongo la kuelea lililomiminwa. Likianza kunywa maji kupitia skrubu za viti zisizozibwa, halikauki tena. Boti inanenepa mwaka hadi mwaka na mwenyewe anadhani ni injini imechoka. Chukua bisibisi, gonga sakafu kwa mpini wake kuanzia omo kwenda nyuma. Penye afya panalia kwa ukavu, penye maji panatoa sauti nzito iliyokufa. Halafu boti ikiwa majini haina mtu, angalia mstari wa uchafu wa kijani ubavuni. Ukiwa umepanda juu kwa nyuma kuliko mbele, boti imekaa tezi.

Na kuhusu maji yaliyofika vifundoni, pigeni hesabu. Sakafu ya mita 4 kwa mita 2 yenye maji sentimita 10 ni lita 800. Maji ya bahari hayo yanapita kilo 800, kama watu 11 wa kilo 75 wamepanda ghafla. Na hao watu hawakai, wanakimbilia upande boti inapolalia. Ndivyo boti zinavyopinduka.

#10 Bi Chuma
Nimesoma mpaka hapa na hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto walikuwa wamevaa nini. Mpenda Maji, walivaa jaketi okozi? Na nahodha alikunywa nini huko kwenye samaki wa kuchoma?

#11 Mpenda Maji
Dada Bi Chuma, jaketi zilikuwemo, tena za kutosha, chini ya kiti cha mbele, zimefungwa kwenye mfuko. Watoto hawakuvaa. Nahodha alikunywa bia mbili mchana.

#12 Bi Chuma
Jaketi iliyofungwa kwenye mfuko chini ya kiti haimsaidii mtu. Boti ndogo haikupi dakika ya kufungua mfuko. Inapinduka watu wakiwa wanaongea. Mtoto anavaa akiwa bado nchi kavu, kabla mguu haujagusa boti, na havui mpaka arudi nchi kavu. Kipimo cha jaketi ya mtoto ni rahisi: mvalishe, funga mikanda yote, mshike kwenye mabega ya jaketi umnyanyue. Ikipanda mpaka masikioni, kubwa. Iwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, maana bila huo mtoto mwembamba huchomoka.

Na bia mbili juani, ndani ya upepo na mtikisiko, si sawa na bia mbili sebuleni. Jua na kiu peke yake vinapunguza macho na akili. Aliyechelewa kuona ngalawa mpaka akakata moto ghafla, mimi sitaki kusikia habari za sifongo.

#13 Ngoja Waje
Bi Chuma kaingia na rungu. Fundi Faiba ficha bisibisi yako 😂

#14 Fundi Faiba
Sifichi. Lakini dada yuko sahihi kwa watoto, hapo sina ubishi.

#15 Jasiri wa Ukerewe
Wakuu wa maji ya chumvi, salamu kutoka ziwani. Mjue mnaelea kwa msaada wa chumvi. Maji baridi ni mepesi kwa asilimia 2 na nusu hivi, boti hiyohiyo ukiileta Victoria inazama zaidi kidogo. Huku hatuna kaskazi ya kutabiri miezi. Mchana ziwa limelala, jioni wingu jeusi linashuka, upepo unageuka ghafla na mawimbi ya ziwa ni mafupi, yamebanana, linakupiga la pili hujamaliza la kwanza. Sisi tukiona wingu la namna hiyo hatuongezi moto kukimbizana nalo, tunatafuta kisiwa.

Kwa kesi hii naona ni mzigo. Watu 9 kwenye futi 21 wengi mno.

#16 Hesabu Kali
Si lazima. Kuna kanuni ya Marekani: urefu kwa futi mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 21 kwa 7 ni 147, gawanya kwa 15 unapata 9. Wako ndani ya hesabu.

#17 Tezi na Omo
Hesabu Kali, kanuni hiyo ni ya boti ndogo zisizofika futi 20, tena ni ya kukadiria pale ambapo hakuna kibati cha uwezo, kile kinachoandika idadi ya watu. Futi 21 haimo. Na hata ingekuwemo, inahesabu watu waliokaa vizuri siku ya maji yaliyotulia. Haisemi lolote kuhusu watu sita kukaa nyuma na boksi la barafu. Kama kuna kibati cha kiwandani karibu na usukani, soma hicho.

#18 Mwana Mtwapa
Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Sisi huku Kenya, kwenye mlango wa hori la Mtwapa na la Kilifi, yanapokutana na bahari, tunalijua hilo jambo. Maji yanapotoka kwenda nje na upepo unaingia ndani, yale mawimbi yanasimama wima. Yanakuwa mafupi, makali, yanavunjika. Boti iliyotoka asubuhi kwenye maji mororo inarudi jioni inakuta mlango umechafuka, na nahodha ni yuleyule, mzigo ni uleule. Mimi nasema ni maji kupwa dhidi ya kaskazi.

#19 Mzee wa Kunduchi
Mwanangu wa Mtwapa, hoja yako ni ya kweli kwa mlango, ila siku hiyo haikai. Mpenda Maji kasema siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kwetu, bamvua (maji makubwa) la mwezi mpevu maji hujaa karibu saa kumi na hupwa karibu saa nne. Kila siku yanachelewa kwa robo tatu ya saa hivi. Siku ya pili yake yanajaa kukaribia saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja yalikuwa bado yanaingia, na kaskazi nayo inaingia. Vyote njia moja.

Nionavyo mimi ni penye kina kifupi. Wimbi la nje likifika juu ya fungu la mchanga au ukingo wa mwamba linainuka. Pale ndani kuna mahali pa namna hiyo, na mtu mgeni hukata njia akafupisha. Alipita wapi?

#20 Mpenda Maji
Shikamoo mzee. Kwa kweli sikuangalia njia, nilikuwa naangalia watoto.

#21 Mwana Mtwapa
Shikamoo mzee, hesabu ya maji nimeikubali. Lakini mkondo haugeuki kila mahali kwa saa moja. Ndani ya ghuba kuna maji yanayorudi nyuma kando kando ilhali katikati bado yanaingia. Sijaiondoa hoja yangu, nimeisogeza tu.

#22 Mzee wa Kunduchi
Marahaba. Isogeze, bahari ni pana.

#23 Raia Mwema
Tatizo ni usimamizi. SUMATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu na majini, wanawaacha watu wanaendesha boti bila kukaguliwa.

#24 Hesabu Kali
SUMATRA ilishaondoka mkuu. Mambo ya majini yako TASAC tangu 2018, ya barabarani na reli LATRA. Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri wa baharini. Na boti ya matembezi nayo ni chombo, inakaguliwa na kusajiliwa. Mpenda Maji, kabla ya kutoa nusu ya bei omba uone cheti cha ukaguzi na uangalie kimeandika watu wangapi. Hiyo karatasi itakwambia mengi kuliko sisi.

#25 Pweza Mkavu
Mie naomba turudi kwenye ngalawa. Mnalaumu nahodha kukata moto, mlitaka aigonge? Ngalawa ndiyo iliyokatiza.

#26 Kaskazi Mwanana
Pweza, ngalawa ya tanga haina kosa. Chombo cha injini kinapisha chombo cha tanga, isipokuwa tanga lenyewe liwe linakupita kutoka nyuma. Hizo ni kanuni za kimataifa za 1972, si adabu tu. Na hata kama kupisha ni wajibu wake, hakulazimika kukata moto. Ukiona mapema unageuza usukani taratibu, unapita nyuma ya ngalawa, kwisha.

#27 Pweza Mkavu
Sawa, na boti kwa boti? Nilifundishwa anayetoka kulia ndiye anayepisha.

#28 Tezi na Omo
Umeigeuza. Zikikatizana boti mbili za injini, wewe unayemwona mwenzako upande wako wa kulia ndiye unayepisha. Usiku utaona taa yake nyekundu, maana taa ya kushoto ya kila chombo ni nyekundu na ya kulia ni kijani. Ukiona nyekundu inakatiza mbele yako, hiyo ni yako kupisha. Mkikabiliana uso kwa uso kila mmoja anakwenda kulia kwake. Na meli kubwa kwenye mlango wa bandari usijipe haki yoyote. Hiyo haina pa kwenda nje ya kina chake, na nahodha wake huenda hakuoni kabisa chini ya omo.

#29 Mzee wa Kunduchi
Na usiku msitegemee taa. Ngalawa nyingi na dau za wavuvi zina tochi tu, nayo huwashwa wakikusikia umekaribia. Wapo waogeleaji pia pale Mbudya na Bongoyo mchana. Boti ya fundo 20 inakwenda mita 10 kwa sekunde. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi, dhidi ya jua la jioni, ukikiona mita 50 mbele una sekunde tano. Ndiyo maana karibu na ufuko mtu anakwenda mwendo wa kutembea, na mtu mmoja anasimama mbele kuangalia tu, hana kazi nyingine. Kurudi saa kumi na moja kuelekea Msasani jua liko machoni upande wa kulia. Huenda hakuiona ngalawa kwa sababu hiyo, bia au bila bia.

#30 Bi Chuma
Mzee nakuheshimu, lakini jua linajulikana kila siku litakuwa wapi. Kama linakupiga machoni unapunguza mwendo mapema.

#31 Ughaibuni Kusini
Nawasoma kutoka Uingereza. Mmesema yote ila moja: nahodha alikuwa amevaa ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, inayomfunga dereva kwenye swichi ili akianguka injini izime?

Mei 2013 huko Padstow, kusini-magharibi ya nchi hii, familia ya watu sita walirushwa majini kutoka kwenye boti yao ya mwendo kasi. Kamba haikuwa imefungwa kwa dereva. Boti ikaendelea yenyewe kwa kasi, ikizunguka, ikawarudia pale pale walipokuwa. Baba na binti wa miaka 8 wakafariki, wengine wakaumia vibaya. Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti zisizofika futi 26, dereva aivae boti ikikimbia.

Sasa fikirini kesi ya Mpenda Maji. Wimbi lipande tezi, boti ilale upande, nahodha ateleze, mkono wake usukume moto anapoanguka.

#32 Pweza Mkavu
Kwa nini inazunguka badala ya kwenda moja kwa moja? Hilo sijawahi kulielewa.

#33 Fundi Faiba
Panga (propela) likizunguka upande mmoja linausukuma usukani upande mmoja muda wote, wewe unaushikilia bila kujua. Ukiuachia, injini inajigeuza yenyewe.

#34 Kaskazi Mwanana
Mara nyingine ni dereva mwenyewe huvuta usukani anapoanguka. Na boti ikishaanza kulalia ndani ya kona inajikaza hapohapo.

#35 Ughaibuni Kusini
Vyovyote iwavyo, kamba ya mapajani au ya kiunoni inamaliza mjadala kwa sekunde moja. Usiifunge kwenye kifundo cha mkono, inachomoka. Na kuwe na ya akiba ndani ya boti, ili nahodha akianguka, waliobaki waiwashe injini wamrudie.

#36 Mpenda Maji
Ilikuwepo, imening'inia kwenye swichi. Hakuivaa.

Wakuu, nawashukuru wote. Jumamosi naenda na fundi kuiangalia, nitaleta mrejesho.

#37 Ngoja Waje
Tunasubiri. Nani anaweka dau? Mimi kizibo.

#38 Jasiri wa Ukerewe
Mzigo.

#39 Mpenda Maji
Mrejesho kama nilivyoahidi.

Kizibo kipo, lakini raba yake imepasuka nusu mzunguko, ukiiminya unaona mpasuko umefunguka. Pampu ni ya kujiwasha, ila kielea kimekwama. Fundi alivuta akatoa mshipi wa kuvulia umejizungusha na kipande cha mfuko wa plastiki. Alipokisafisha pampu ikanguruma, ikatoa maji meusi kwa muda mrefu.

Halafu tukaitazama ikiwa majini haina mtu. Mstari wa kijani nyuma umepanda vidole vinne juu ya rangi, mbele uko sawa. Matundu ya sakafuni yako sawasawa na maji. Fundi akagonga sakafu: katikati kukavu, nyuma upande wa kushoto pana ile sauti aliyosema Fundi Faiba. Mwenye boti akakiri injini si ya mwanzo, ya kwanza ilikuwa ya kuchanganya oili.

Cheti cha ukaguzi kipo, muda wake umekwisha. Watu 8.

#40 Tezi na Omo
Nilisema. Raba imepasuka na pampu imekufa. Kwa saa sita za nanga maji yaliingia chini ya sakafu, na ndiyo hayo meusi.

#41 Fundi Faiba
Maji meusi ni ya siku nyingi, ya Mbudya yangekuwa masafi. Na mstari wa kijani hauoti kwa siku moja. Boti hii imekaa tezi kwa miezi. Sifongo na injini.

#42 Jasiri wa Ukerewe
Cheti kinasema 8, walipanda 9. Nani alisema mzigo?

#43 Hesabu Kali
Watoto wawili, Jasiri. Kwa kilo hawafiki watu wazima 8.

#44 Jasiri wa Ukerewe
Cheti kimeandika watu, hakikuandika kilo.

#45 Kaskazi Mwanana
Yote hayo yalikuwepo asubuhi na boti ilikwenda vizuri. Kilichobadilika jioni ni wimbi la nyuma, watu kuhamia nyuma, na mkono kwenye moto.

#46 Mwana Mtwapa
Na mkondo.

#47 Bi Chuma
Kila mtu ana kipande chake. Mimi swali langu ni moja: kati ya hivyo vyote, kipi nahodha asingeweza kukiona kabla ya kuondoa nanga? Kizibo kinashikwa kwa mkono. Pampu inajaribiwa kwa kidole. Cheti kinasomwa. Watu wanahamishwa mbele. Jaketi zinavaliwa. Ukiacha sifongo, vyote havimalizi robo saa.

#48 Fundi Faiba
Na sifongo linajulikana kwa bisibisi.

#49 Ughaibuni Kusini
Mpenda Maji, mna redio? Simu ikilowa mnaita vipi msaada?

#50 Mpenda Maji
Redio ya mkononi ipo, haina chaji. Nimemwambia ikae na chaji, chaneli 16 ya dharura, na simu zote ziwe kwenye mifuko isiyopitisha maji. Pia tumekubaliana kila safari mtu wa nchi kavu aachiwe ujumbe: tunakwenda wapi, watu wangapi, tunarudi saa ngapi, na ikipita saa hiyo ampigie nani. Mafuta theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi.

Bei sijatoa. Nataka tujue kwanza tatizo ni lipi hasa. Nifanyeje?

#51 Fundi Faiba
Msibadilishe vitu vyote kwa mkupuo, hamtajua kilichoponya. Kwanza kizibo kipya na pampu safi. Iacheni majini siku mbili imefunikwa mvua isiingie, muangalie kama ndani pana maji. Kama pamekauka na tezi bado imekaa chini, toboeni tundu dogo la kidole pale kushoto muone sifongo. Likitoka maji, bei ishuke kwa gharama ya kufumua sakafu nzima, na hiyo si ndogo.

#52 Kaskazi Mwanana
Halafu mjaribu kukata moto. Watu wawili tu, wamevaa jaketi, kamba kiunoni, maji matulivu ndani ya ghuba. Mwendo wa kawaida, rudisha moto taratibu, tazama wimbi linafika wapi kwenye ubao. Rudia kwa kasi kidogo. Halafu weka madumu ya maji nyuma badala ya watu, urudie. Likipanda hata kwa taratibu, boti ina kasoro. Likipanda kwa ghafla tu, ni mkono.

#53 Mzee wa Kunduchi
Jumapili hii ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo, mkondo ni hafifu, siku nzuri ya kujaribia. Nendeni asubuhi kabla kaskazi haijaamka. Na mwanangu, akikataa kujaribu, umeshapata jibu la bei.

#54 Mpenda Maji
Amekubali. Kizibo kimenunuliwa leo, boti inashuka kesho kwa zile siku mbili za kungoja. Jaketi mbili za watoto nimenunua mwenyewe, zenye mkanda wa kati ya miguu. Madumu sita ya lita 20 ninayo. Mwana Mtwapa, niambie huo mkondo wako nitautambuaje nikiwa pale.

#55 Mwana Mtwapa
Tupa dumu tupu lililofungwa kamba, zima injini, tazama linakwenda wapi na boti inakwenda wapi. Andika na saa.